Mgeni Wako na Mfuko wa Mwenzako

Juma moja baada ya Sikukuu ya Pasaka iliyopita, vijana wawili walitujia nyumbani jioni, tukiwa tumekaa barazani tunachambua mchele. Wote wawili tunawafahamu. Mmoja tulimfundisha chuoni, na sasa ni mwalimu wa shule ya msingi. Wa pili ni karani, naye husali pamoja nasi kila Jumapili. Walitusalimu kwa adabu, "Shikamoo, Mwalimu," tukawaitikia na kuwakaribisha. Lakini tuliona mara moja kwamba kuna jambo, maana benchi letu ni refu, nao walikaa mmoja huku mwisho na mwingine kule mwisho.

Habari yao ilikuwa hivi. Wamepanga pamoja nyumba ya vyumba viwili na sebule, si mbali na hospitali yetu ya Mkomaindo. Kodi hugawana nusu kwa nusu, jiko ni moja, umeme wa luku ni mmoja, na chakula hupika chungu kimoja. Kwa miaka miwili waliishi kama ndugu. Kisha mwezi wa Desemba mdogo wake yule mwalimu aliteremka kutoka Newala, akasema amekuja kwa wiki mbili kutafuta kazi. Wiki mbili zikawa mwezi, mwezi ukawa miezi minne. Kazi haikupatikana. Kijana analala sebuleni, anakula pamoja nao, anaoga, anachaji simu, na redio hukaa wazi mpaka usiku.

Karani hakusema neno. Lakini alianza kufungia sukari yake sandukuni. Kisha akafungia na unga. Kisha majirani wakaanza kusikia habari ambazo wenye nyumba wenyewe hawajaambiana. Ndipo mmoja wa wazee wa kanisa akawashauri waje kwetu.

Karani alisema, "Mwalimu, mimi sina neno na mgeni. Ni kijana mwenye adabu, ananiamkia kila asubuhi. Lakini tangu aje, sijaulizwa hata mara moja."

Mwenzake akajibu kwa uchungu, "Nikuulize nini? Huyu ni mdogo wangu, tumbo moja. Nikuombe ruhusa ya kumpokea ndugu yangu?"

Ndugu wasomaji, tukikumbuka maneno hayo mawili tunaona kwamba kila mmoja alisema kweli. Ndiyo maana shauri lilikuwa gumu. Tunaomba tulitazame polepole, kama tulivyokuwa tukiwafundisha wanachuo kuzitazama hesabu za mafumbo: kabla ya kujumlisha wala kutoa, soma tena ujue kinachoulizwa ni nini.

Kinachoulizwa hapa si kama ni vema kumkaribisha mgeni. Swali hilo tumekwisha kujibiwa. Mtume Paulo anawaagiza Warumi wapende kuwakaribisha wageni, na mwandishi wa Waraka kwa Waebrania anatukumbusha kwamba wengine kwa kufanya hivyo waliwapokea malaika bila kujua. Wala haiulizwi kama ndugu ana haki juu ya ndugu yake, maana anayo. Kinachoulizwa ni hiki: je, mtu aweza kuwa mkarimu kwa mali ya mwenzake?

Kwanza tufanye hesabu, maana watu wengi hugombana juu ya fedha ambazo hawajazihesabu. Tuseme wawili hao, kabla ya mgeni kuja, walitumia kwa mwezi shilingi 120,000 kwa chakula, mkaa, maji na umeme. Kila mmoja alitoa 60,000. Mgeni akaja. Matumizi hayakupanda mpaka 180,000, kwa sababu moto unaoivisha ugali wa wawili huivisha na wa watatu. Yalipanda, tuseme, mpaka 165,000. Wakaendelea kugawana nusu kwa nusu kama zamani. Basi kila mmoja sasa anatoa 82,500. Maana yake ni kwamba karani anatoa 22,500 zaidi kila mwezi, na kwa miezi minne amekwisha kutoa 90,000. Hakuna aliyemwomba fedha hizo, na hakuna aliyemshukuru. Ameziona tu zimekwenda.

Sasa tugawe kwa njia nyingine. Tuhesabu midomo. Midomo ni mitatu, kwa hiyo kila mdomo ni 55,000. Karani atatoa 55,000, na mwenye mgeni atatoa 110,000, yake na ya mdogo wake. Lakini angalieni jambo moja. Kwa hesabu hii karani anatoa 5,000 pungufu kuliko alivyokuwa akitoa kabla mgeni hajaja. Mgeni amemletea faida! Akiwa mtu mwema atasema, "Hapana, mimi nitaendelea kutoa 60,000 yangu ya siku zote, hiyo elfu tano ni yangu kwa mgeni." Basi hiyo elfu tano, ndugu zangu, ni ukarimu wa kweli. Ni ndogo kuliko zile 22,500, lakini ameitoa mwenyewe. Zile nyingine zilitolewa kwake. Kitu kile kile kikitolewa ni zawadi, kikichukuliwa ni hasara.

Hapo huenda msomaji mmoja akakasirika. Atasema, "Mwalimu, tangu lini watu wetu wakahesabu midomo? Wazee wetu hawakumpimia mgeni chakula." Ni neno zito, nasi tunalijibu kwa heshima. Wazee wetu walihesabu. Walihesabu kwa njia yao.

Sote twaijua methali isemayo: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwalimu Nyerere aliitumia methali hiyo katika kijitabu chake cha Ujamaa cha mwaka 1962, alipotaka kuonyesha kwamba katika jamaa ya kale hakuna aliyekula bila kufanya kazi. Na kwetu huku kusini, miongoni mwa Wamakua, Wayao na Wamakonde, desturi ya zamani ilikuwa kijana akioa ahamie kwa wakwe zake. Huyo ndiye alikuwa mgeni wa muda mrefu kuliko wote. Hakuna aliyemwandikia deni ukutani, lakini wakwe waliliangalia shamba lake. Jembe lilikuwa hesabu yake, tena lilikuwa heshima yake. Kwa jembe aliacha kuwa mgeni, akawa mtu wa pale.

Na wale wa uwanda wa juu wanajua hesabu nyingine, nayo ni ya maji. Uwanda wa Makonde hauna mito juu yake. Udongo wake hunywa mvua yote. Kabla ya mabomba ya mradi wa maji ulioanza miaka ya 1950, akina mama waliteremka mabondeni kabla ya mapambazuko na kupanda tena mtelemko mkali wakiwa na maji kichwani. Mgeni aliyepewa maji ya kuoga alipewa asubuhi nzima ya mama mmoja. Mgeni mwenye akili aliyajua hayo, akaoga kwa kata chache. Hakuambiwa, lakini aliona. Gharama ilikuwa mbele ya macho yake, imebebwa kichwani.

Basi tofauti ya zamani na sasa ni nini? Kijijini mgeni alikula kutoka shambani, na shamba laweza kupanuliwa. Mikono miwili ikiongezeka, msimu ujao na chakula kitaongezeka. Lakini katika vyumba viwili vya kupanga hakuna shamba. Kuna mshahara, na mshahara haupanuki kwa sababu mgeni ana nguvu. Tena gharama za mjini hazionekani. Umeme hauna sura. Luku ikiisha saa mbili usiku, hakuna ajuaye nani ameimaliza. Kwa hiyo tulipohamia mjini tulichukua siku mbili za methali, tukaacha jembe kijijini. Tukiona mtu anataka kuhesabu, twasema amekuwa Mzungu. Sivyo. Analitafuta jembe lililopotea.

Hata Wakristo wa kwanza walipata shida hii hii. Kiko kitabu kidogo cha Kanisa la kale kiitwacho Mafundisho ya Mitume, yaani Didake, ambacho kilipotea kwa karne nyingi mpaka nakala yake ilipopatikana Konstantinopoli mwaka 1873. Humo Wakristo wanaagizwa wampokee kila ajaye kwa jina la Bwana. Akiwa ni mpita njia wamsaidie kadiri wawezavyo, naye asikae kwao zaidi ya siku mbili, au tatu kama ni lazima. Akitaka kukaa kabisa, na ana ufundi, afanye kazi apate kula. Na kama hana ufundi, wao wenyewe watumie akili waone ataishije kati yao bila kuwa mvivu. Tazameni jinsi maneno hayo yanavyofanana na methali yetu, ingawa walioyaandika hawakupata kusikia Kiswahili. Na msiruke sehemu ya mwisho. Hawakuambiwa wamfukuze asiye na ufundi. Waliambiwa wamtafutie njia. Kumpa mtu jembe ni kazi ya mwenyeji, si ya mgeni peke yake.

Sasa tunataka kuungama jambo, maana si vema kuwahukumu vijana tukificha yetu.

Mwaka 1983, tulipokuwa tumeanza kazi ya ualimu, nyumba tuliyoahidiwa haikuwa tayari. Tulipokelewa na mwalimu mmoja wa kijiji chetu, aliyekaa nyumba moja na mwalimu mwingine tusiyemjua. Tulisema ni kwa siku chache. Tulikaa kuanzia Februari mpaka Julai. Wenye umri wetu watakumbuka miaka ile. Sukari, sabuni na mafuta ya taa vilikuwa adimu, na watu walipanga foleni na chupa zao tangu alfajiri. Sisi tulikuwa tukijisomea kwa ajili ya mtihani, na kila usiku tuliwasha taa mpaka saa tano. Yule mwalimu wa pili alikuwa akienda kulala saa mbili. Tulimwona kuwa mtu mtaratibu, apendaye kulala mapema, tukamsifu kwa wengine. Hakutuambia neno baya hata siku moja. Tulipoondoka tulimshukuru mwenyeji wetu kwa maneno mengi. Yeye tulimpa mkono tu.

Miaka mingi ikapita. Siku moja tulikutana naye Mkomaindo, kila mmoja amekuja kumwangalia mgonjwa wake. Tulikaa chini ya mti tukingoja saa ya kuingia wodini, tukaongea habari za zamani. Akacheka, akasema, "Hivi wewe ulidhani napenda kulala mapema? Nilikuwa na madaftari ya watoto ya kusahihisha. Mafuta yale yalikuwa yangu. Nilikuwa naamka alfajiri nasahihisha mlangoni kwa mwanga wa jua."

Tulijisikia vibaya sana, tukamwomba radhi. Akasema, "Mafuta si kitu, yamekwisha kuungua. Kilichoniuma ni kimoja. Hata siku moja hukuniambia, Mwenzangu, naweza kuwasha?"

Tumelitafakari neno hilo mara nyingi. Tungalimwomba, angalitupa. Alisema hivyo mwenyewe, nasi tunamwamini. Kwa hiyo hatukumnyima mafuta tu. Tulimnyima nafasi ya kutoa. Tulimfanya mtu mkarimu akae gizani miezi sita kama mtu aliyeibiwa.

Basi tunaweza kumjibu yule mwalimu kijana aliyeuliza, "Nimwombe ruhusa ya kumpokea ndugu yangu?" Ruhusa ya kumpenda ndugu yako, hapana. Hiyo umepewa na Mungu. Lakini sebule ni ya wawili, na chungu ni cha wawili. Kumwuliza mwenzako si kumfanya bwana juu ya ukoo wako. Ni kumkaribisha naye awe mwenyeji. Tukumbuke yule mwanamke wa Shunemu katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 4. Alitaka kumpa nabii Elisha mahali pa kulala kila apitapo. Kabla ya kujenga chumba, kabla ya kuweka kitanda na meza na kiti na taa, alisema kwanza na mumewe. Mgeni alikuwa mtu wa Mungu, na bado aliuliza. Tena yule mjane wa Sarepta, Eliya alipomwomba mkate, hakuona haya kumweleza hesabu yake: konzi moja ya unga, na mafuta kidogo, na midomo miwili inayongoja. Alisema kwanza alichonacho, ndipo akatoa. Hakuna mahali tunapoambiwa kwamba kusema hesabu kulimkasirisha nabii.

Lakini na karani naye ana neno la kujibu. Miezi minne alinyamaza, akaita hali hiyo uvumilivu. Uvumilivu haufungi sukari sandukuni. Bwana wetu ametuagiza katika Mathayo sura ya 18 kwamba ndugu akikukosea, umwendee ukamweleze mkiwa wawili tu. Karani aliwaeleza majirani kwanza, na mwenzake mwisho. Hata rafiki yetu wa mafuta ya taa, tunayemheshimu sana, alitukosea kidogo kwa ukimya wake, maana alituacha tuendelee na ujinga wetu miezi sita, nasi tungaliweza kufundishwa kwa siku moja. Mwenye haki ya kuulizwa ana wajibu wa kusema asipoulizwa.

Tena kuna neno zito zaidi, ambalo wakaao karibu na hospitali wanalijua. Si kila mgeni aweza kupewa jembe. Nyumba zetu za Mkomaindo hazikosi mama aliyeleta mtoto kutoka kijijini, au mzee anayerudi kliniki kila baada ya wiki mbili, au ndugu wa mgonjwa anayehitaji jiko apike uji wa kupeleka wodini. Watu hao hawakuja kutembea. Je, mwenzako wa chumba aweza kusema, "Sikuulizwa, aondoke"?

Twasema hapana. Haki ya kuulizwa si haki ya kukataa kila mara. Dhiki ikikaa mlangoni inamdai kila aionaye, awe ndugu asiwe ndugu. Anayeulizwa na mwenzake ajue kwamba ataulizwa na Mungu pia. Lakini hata hapo hesabu haikatazwi. Msamaria mwema, katika Luka sura ya 10, alimpeleka majeruhi nyumba ya wageni. Hakumwambia mwenye nyumba, "Huyu ni mtu wa kuhurumiwa, mtunze bure." Alitoa dinari mbili, akaahidi kulipa chochote kitakachozidi atakaporudi. Huruma ilikuwa yake, na gharama aliichukua yeye. Mwenye nyumba alishiriki kwa mikono yake bila kunyang'anywa riziki yake. Hatujapata kumsikia mhubiri akisema kwamba zile dinari mbili ziliharibu ile huruma.

Jioni ile tuliwapa vijana wetu mashauri machache, nasi tunayaandika hapa kwa faida ya wengine.

Kwanza, mwenye mgeni na aseme mapema, kabla ya mgeni kufika ikiwezekana, na kama amefika ghafla, basi usiku ule ule. Aseme ni nani, amekuja kwa nini, na atakaa mpaka lini.

Pili, siku ile iliyotajwa ikifika, na isemwe tena. Mgeni wa wiki mbili anayeingia wiki ya tatu ameanza safari mpya, nayo inahitaji maneno mapya.

Tatu, kodi ya nyumba ifuate vyumba, lakini chakula, maji, mkaa na umeme vifuate midomo. Fungu la mgeni ni la mgeni mwenyewe kama ana kipato. Kama hana, ni la aliyemleta. Mwenzake akitaka kuongeza chochote, aongeze kwa hiari.

Nne, asiye na fedha ana mikono. Kuchota maji, kufagia, kupika, kwenda sokoni, hayo ndiyo majembe ya mjini. Lakini jembe alikabidhi ndugu yake. Mwenzake asiwe msimamizi wa kazi juu ya mtu asiye wake, wala asimfanye mtumishi wa kumfulia nguo.

Vijana walisikiliza, wakahesabu, wakakubaliana juu ya zile 90,000 zilipweje kidogo kidogo. Walipeana mikono. Tukasali pamoja, wakaondoka wakiwa wamekaribiana kuliko walivyokuja. Nasi tulilala tukiwa tumeridhika na kazi yetu.

Siku ya tatu asubuhi, yule mwalimu kijana alirudi peke yake. Hakutuamkia. Alisimama uani akasema, "Mwalimu, mmemfukuza mdogo wangu."

Usiku uliopita alikuwa amemweleza mdogo wake yote tuliyoamua: fungu lake kiasi gani, kazi zake zipi, na mwisho wake lini. Kijana alisikiliza, akasema, "Sawa, kaka." Kabla hakujapambazuka alifunga mfuko wake akapanda gari la kwanza la Newala, bila kuaga mtu.

Hatukuwa na jibu. Tulikaa na jambo hilo siku nzima. Tulikuwa tumeandaa hesabu nzuri ya watu watatu, tukawaita wawili tu. Yule wa tatu, ambaye ndiye aliyezungumzwa, alikuwa nyumbani wakati ule akichota maji. Kosa lile tulilolifanya mwaka 1983, na ambalo tulimkemea kijana kwa kulifanya, tulikuwa tumelirudia sisi wenyewe barazani kwetu, tena kwa jina la haki.

Jumamosi iliyofuata ndugu hao wawili walipanda pamoja kwenda Newala. Karani ndiye aliyesema waende. Walimkuta shambani kwa mama yake akipalilia mihogo. Walituletea maneno yake kama alivyoyasema: "Sikukasirika kudaiwa. Najua nilikula. Nilikasirika kuhesabiwa nikiwa sipo."

Karani alimwambia, "Hata mimi ndiyo yaliyoniuma." Wakacheka kidogo, wakashika majembe wakamsaidia mpaka adhuhuri.

Kwa hiyo tunaongeza shauri la tano, ambalo lingefaa kuwa la kwanza: mgeni naye aitwe. Mwambieni akiwapo, mkiwa mmekaa chini wote, si kama mshitakiwa, bali kama mtu mzima mwenye neno lake. Huenda yeye ndiye atakayesema la maana kuliko wote.

Ndugu wasomaji, Kanisa letu hapa Masasi lilianza kwa wageni waliokuja wakakaa. Askofu Edward Steere alifika mwaka 1876 pamoja na watu zaidi ya 50 waliokombolewa kutoka utumwani, wakiwa na nia ya kuendelea mbele kuelekea Nyasa. Hawakuendelea. Walipapenda hapa, wakakata miti, wakajenga, wakashika jembe. Na mwaka 1882, Wamagwangwara walipoivamia Masasi, sehemu ya misheni ilikwenda Newala kukaa kwa Mwenye Matola. Kwa hiyo sisi tulio wenyeji leo tumekuwa wageni wa muda mrefu mara mbili. Tunapomtazama mtu aliyelala sebuleni kwetu, na tukumbuke hayo kabla hatujafunga sanduku. Na sisi tuliolala sebuleni kwa mtu, na tuulize kabla hatujawasha taa.

Yule kijana hakurudi kukaa Mkomaindo. Mwezi wa Septemba alituma debe la mbaazi kwa gari, limeandikwa majina yote mawili, la kaka yake na la karani. Walitugawia na sisi kibaba. Tulizipika kwa nazi, na tulipokuwa tukila tulijiuliza kama tumekwisha kumwandikia barua kumwomba radhi. Hatukuwa tumefanya hivyo. Sasa tumeandika. Naye akisoma ukurasa huu, na ajue kwamba kabla ya kuutuma kwa mhariri tulimpelekea yeye kwanza, tukamwuliza kama tunaweza kuusimulia. Akasema tunaweza.